Majengo ya Wapi? Kuchagua Jina la Makala ya Kamusi Elezo

Makala yangu ya kwanza katika Wikipedia ya Kiswahili ilihusu Majengo, Moshi. Niliipa jina "Majengo", basi. Kwetu ukimwambia dereva wa bodaboda "Majengo", hakuulizi ya wapi. Miezi michache baadaye nikawa nasoma habari za mtu wa Mombasa, nikabofya jina la mtaa alikokulia, nikajikuta Moshi. Nairobi nako kuna Majengo, kule Pumwani. Dodoma ipo pia, na soko lake. Jina nililojitwalia lilikuwa la wengi.

Tangu hapo siandiki makala ya mahali kabla ya kulitafuta jina kwanza nione nani mwingine analo. Majina ya mitaa na kata zetu yanajirudia mno: Majengo, Bondeni, Sokoni. Hayo yape mabano tangu siku ya kwanza, hata kama wenzake bado hawajaandikiwa: Majengo (Moshi). Jina tupu libaki ukurasa wa kutofautisha maana, wenye orodha ya Majengo zote.

Ila usikimbilie mabano kila mara. Kiswahili kimetupa ngeli: Mchaga ni mtu, Kichaga ni lugha, wala hawagongani. Mto Mara huanzia Kenya ukaingia Ziwa Viktoria upande wa Tanzania. Mkoa wa Mara makao yake makuu ni Musoma. Ziwa Tana liko Ethiopia, Mto Tana uko Kenya. Neno moja mbele ya jina limemaliza kazi, tena ndivyo watu wanavyosema.

Kuna majina ambayo mmoja anastahili kuachiwa peke yake. Msomaji wa Kiswahili akiandika "Pemba" anataka kisiwa. Mji ulio makao makuu ya mkoa wa Cabo Delgado uitwe Pemba (Msumbiji), na juu ya makala ya kisiwa uweke mstari mmoja wa kumwelekeza aliyeutaka mji. Huo si upendeleo. Kipimo ni msomaji wa lugha hii. Kwa Kireno ningeamua vingine.

Lililonisumbua kuliko yote ni "mbuni". Niliandika "Mbuni (ndege)", nikalala nikiwa nimeridhika. Asubuhi nikaona kwamba ndege yenyewe ina maana mbili, na mbuni ni mtu anayebuni pia. Mtu angeweza kudhani nazungumzia anayebuni eropleni! Neno la ndani ya mabano lisihitaji mabano mengine. Nikabadilisha: Mbuni (mnyama), na ule mti unaozaa buni, yaani kahawa, ukawa Mbuni (mmea).

Na ukihamisha jina, fuatilia kila kiungo kilichokuwa kikielekea jina la zamani. Ya Majengo yalinichukua jioni nzima, kimoja kimoja. Nilianza na kile cha Mombasa.