Mimba ya popo ambayo haionekani Agosti

SWALI: Nafundisha baiolojia Kampala. Popo wa matunda wanaolala mitini hapa mjini hupandana kati ya Aprili na Juni, lakini watoto huonekana Februari au Machi. Agosti tulimpasua jike aliyeokotwa amekufa, hatukuona kijusi. Je, hakuwa na mimba?

JIBU: Mwalimu, yawezekana kabisa alikuwa nayo, ila ilikuwa ndogo mno kuonekana kwa macho.

Yai likisharutubishwa hugawanyika hadi kuwa blastosisti, kijitufe cha seli chenye uwazi ndani. Kwa panya, kijitufe hicho hujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba baada ya siku chache tu. Kwa popo wenu, Eidolon helvum, hubaki kikielea humo kwa miezi mitatu au zaidi, kikiwa hai lakini hakikui. Jambo hili lilielezwa na mtafiti F. A. Mutere mwaka 1965, tena kwa popo wa hapo hapo Kampala. Aliona kwamba blastosisti hujishikiza Oktoba na Novemba, msimu wa mvua za pili. Kuanzia hapo mtoto hukua kwa miezi minne hivi, kisha huzaliwa mvua kubwa zinapokaribia. Kwenu karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, kwa hiyo mvua ndiyo inayoshukiwa kuwa kichocheo.

Wanafunzi wasichanganye hili na popo wengi wa Ulaya. Wale hupandana kabla ya baridi, jike akahifadhi mbegu za dume mwilini hadi majira ya kuchipua, ndipo yai litoke na kurutubishwa. Muda wote huo hakuna kiinitete.

Ukuaji wa mkono wa popo akiwa tumboni nao unastahili kipindi kizima. Mwanzoni ni kibapa tu, hauna tofauti kubwa na wa panya. Vidole vikianza kujichora, seli za utando ulio kati yake hufa kwa panya, vidole vikaachana. Kwa popo, utando wa mkono hubaki na kuwa bawa, lakini wa mguuni hufa kama kawaida. Angalia mguu wa popo yeyote, vidole vyake viko huru. Mwaka 2006 watafiti waliochunguza popo wa Amerika, Carollia perspicillata, walikuta jeni iitwayo Gremlin ikifanya kazi ndani ya utando wa bawa. Kazi yake ni kuzuia protini za BMP, ambazo huchochea vifo vya seli hizo.

Kuhusu kupasua, mwalimu, naomba mwache. Popo hawa huweza kubeba virusi vya Lagos, jamii moja na kichaa cha mbwa, na aliyeokotwa amekufa huenda ameuawa na ugonjwa. Ombeni vielelezo vilivyohifadhiwa kwenye fomalini kutoka idara ya zuolojia ya chuo kilicho karibu, ikiwezekana vya Desemba. Hapo kijusi mtakiona.