Muswada haujafika ukumbini: tungoje au tuandike?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huku Uru, Moshi. Kuna muswada unaotugusa ambao ulisomwa bungeni mara ya kwanza. Wanachama walikubaliana tungoje siku ya mjadala ndipo tumpigie mbunge wetu simu. Tukaambiwa ungejadiliwa mkutano uliofuata. Mkutano ukaisha, muswada haukuguswa. Ni nani hasa hupanga muswada upi uje lini? Na sisi tungoje hadi lini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msingoje hata wiki moja. Naanza na hilo kwa sababu barua nyingi ninazopokea hapa Arusha zinafanana na yako: watu wazima, wenye hoja nzito, wamekaa wanasubiri siku ambayo hoja zao zitakuwa zimeshachelewa.

Ratiba ya mkutano wa Bunge hupitia kwenye Kamati ya Uongozi, ambayo mwenyekiti wake ni Spika. Ndani yake yumo Waziri Mkuu, ambaye ndiye kiongozi wa shughuli za Serikali bungeni, na wamo wenyeviti wa kamati za kudumu. Kila siku ya kikao hutolewa Orodha ya Shughuli: hati za kuwasilisha mezani, maswali, kisha miswada na hoja. Miswada mingi ni ya Serikali, kwa hiyo waziri mwenye muswada akisema hajawa tayari, au kamati ikisema bado haijaridhika, muswada hubaki nje ya orodha. Hilo si lazima liwe hila. Mara nyingine ni heri.

Kumbukeni muswada wa Bima ya Afya kwa Wote. Ulisomwa mara ya kwanza Septemba 2022. Watu wakautarajia Novemba, ukaahirishwa. Februari 2023 ukakwama tena, na swali kubwa lilikuwa fedha za kuwalipia wasio na uwezo zingetoka wapi. Ulipitishwa Novemba 2023. Huo ni zaidi ya mwaka mmoja, na muda wote huo mlango wa kusema ulikuwa haujafungwa.

Mnapaswa pia kuijua kalenda. Mkutano wa Aprili hadi Juni ni wa bajeti. Wizara zinapita moja baada ya nyingine, na kazi lazima iishe kabla ya Julai 1, mwaka mpya wa fedha unapoanza. Muswada wenu wa kahawa usitegemewe sana hapo, maana nafasi huchukuliwa na Muswada wa Fedha na wa matumizi. Mikutano mingine ya mwaka ni mifupi, na miswada hugombania siku chache zilizopo.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Kusomwa mara ya kwanza ni kusomwa jina tu, hakuna mjadala. Baada ya hapo Spika huupeleka kwenye kamati, na kamati hutoa tangazo la kuita maoni ya wadau. Tangazo huwekwa kwenye tovuti ya Bunge, na siku zinazotolewa ni chache mno. Ninasema hivyo kwa uchungu: mkulima wa Uru akilipata Alhamisi, akatakiwa awe Dodoma Jumatatu, apande basi la alfajiri kupitia Babati na Kondoa, nauli na malazi juu yake, atawezaje? Lakini maoni ya maandishi hupokelewa pia, yakielekezwa kwa Katibu wa Bunge. Andikeni sasa, kabla ya tangazo, mkae na barua tayari.

Siku ya kusomwa mara ya pili waziri hutoa hoja, kamati husoma maoni yake, wabunge huchangia. Kisha Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakikaa kama kamati, hupita ibara kwa ibara. Mbunge anayetaka kubadili ibara huleta jedwali la marekebisho. Jedwali haliandikwi kwa simu ya dakika tano iliyopigwa asubuhi ya mjadala! Mpeni mbunge wenu namba ya ibara, maneno yaliyopo, na maneno mnayotaka yawepo. Kurasa mbili zinatosha. Na nakala nyingine iende kwa mwenyekiti wa kamati, maana kamati ndiyo inayokaa na waziri mezani kabla ya ukumbi kujaa.

SWALI: Mimi ni dalali wa tanzanite hapa mjini Arusha. Mwaka 2017 sheria ya madini ilibadilishwa kabla hatujajua kinachoendelea. Ilikuwaje?

JIBU: Kwa hati ya dharura, kaka yangu. Kwa kawaida muswada wa Serikali hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali siku 21 kabla ya kusomwa mara ya kwanza. Rais akisaini hati kwamba jambo ni la dharura, muda huo hauhesabiwi. Miswada ile ya maliasili na madini ililetwa mwishoni mwa mkutano wa bajeti na ikapitishwa wiki ya kwanza ya Julai. Naelewa nchi ilikuwa na hasira juu ya makinikia, ule mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje, na mimi kama wewe nilitaka madini yetu yalindwe. Hata hivyo sheria inayogusa mkate wa dalali na mchimbaji wa Mererani ilistahili zile siku 21. Dharura iwe ya maafa na vita.

Ukisikia tena neno hilo redioni, usingoje tangazo la kamati. Piga simu ofisi ya mbunge siku hiyo hiyo, uliza muswada umepelekwa kamati ipi, na barua yenu itumwe kabla ya jioni.