CPAP: Kusoma grafu ya kukoroma na ya hewa inayovuja

Wasomaji kadhaa wanaotumia mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kupitia barakoa, kwa tatizo la kukatika pumzi usingizini wametuuliza kuhusu grafu mbili zinazowachanganya. Tunawaomba wote waanze na ile ya hewa inayovuja. Ikiwa hewa inavuja kwa wingi, tarakimu nyingine zote za usiku huo si za kutegemea.

Kwa hewa inayovuja, mashine yangu ya AirSense 10 imeandika lita 8 kwa dakika, ya kaka yangu ya DreamStation imeandika 36. Barakoa yake ni mbovu?

Huenda ni nzima kabisa, maana mashine hizo hazipimi kitu kimoja. Kila barakoa ina vitundu vilivyotobolewa makusudi ili hewa unayoitoa isirudi mapafuni. Kwenye presha ya sentimita 10 za maji (ndicho kipimo cha presha ya CPAP), vitundu hivyo hupitisha lita 30 na ushee kwa dakika, kutegemea aina ya barakoa. ResMed, watengenezaji wa AirSense, huondoa kiasi hicho kwenye hesabu na kukuonyesha kile tu kilichovuja pasipotakiwa. DreamStation ya Philips hurekodi jumla. Kwa hiyo 36 ya kaka yako inaweza kuwa hewa ya vitundu tu.

Kwa AirSense, mpaka ni lita 24 kwa dakika, na tarakimu ya kuangalia ni ile ya asilimia 95, yaani kiasi ambacho hewa inayovuja haikukizidi kwa asilimia 95 ya usiku. Ukilala kwa saa 8, asilimia 5 iliyobaki ni dakika 24. Ikiandikwa 30, basi kwa dakika zipatazo 24 hewa ilivuja lita 30 au zaidi kila dakika. Wastani mzuri wa usiku hauonyeshi jambo hilo, na uso wa tabasamu kwenye kioo cha mashine ni muhtasari tu.

Kila usiku hewa huanza kuvuja mnamo saa nane. Nitajuaje kama ni mdomo au ni barakoa?

Tazama umbo la mstari. Utahitaji kadi ya SD ndani ya mashine na programu ya OSCAR, ambayo ni ya bure na huonyesha grafu za mashine kwenye kompyuta. Kabla ya kuchomeka kadi kwenye kompyuta, sogeza kile kifunguo kidogo cha pembeni ili kompyuta isiandike chochote juu yake. Ukiirudisha kwenye mashine, kifungue.

Mdomo ukifunguka ukiwa na barakoa ya pua, mstari hupanda ghafla, hukaa juu kwa dakika kadhaa au hata nusu saa, kisha hushuka ghafla unapogutuka. Kuza grafu ya pumzi sehemu hiyo: utaona hewa inaingia vizuri, lakini upande wa kutoa pumzi umekatwa, kwa sababu hewa imetokea mdomoni bila kupita kwenye kipimo. Asubuhi ulimi unakuwa mkavu. Hali hii huzidi kuelekea alfajiri, kwani ndipo usingizi wa ndoto unapokuwa mrefu na misuli ya taya hulegea.

Barakoa ikiwa ndiyo inayovuja, utaona vilele vifupi vifupi kila unapogeuka. Au mstari unapanda polepole pamoja na presha, kwa mashine zinazojirekebisha zenyewe. Macho mekundu au makavu asubuhi ni dalili kwamba hewa inatokea juu, karibu na pua.

Kwa mdomo, kwanza shughulikia pua. Pua iliyoziba humlazimisha mtu kupumua kwa mdomo, na hapo mkanda wa kidevu hautasaidia. Pua ikiwa wazi na tatizo likaendelea, jaribu mkanda huo au hamia barakoa inayofunika pua na mdomo. Kuziba mdomo kwa plasta hatukushauri, hasa kwa mwenye mafua ya mara kwa mara au anayecheua usiku.

Nimekaza mikanda hadi imeniachia alama usoni, bado hewa inavuja. Nifanyeje?

Ilegeze. Silikoni ya barakoa ina ngozi nyembamba ya ndani inayotakiwa kujaa hewa ili ishike uso. Ukiikaza mno inajikunja na kufungua njia. Lala kwa mkao wako wa kawaida, washa kipengele cha kupima barakoa ili presha ipande, kisha kaza kidogo kidogo pande zote mbili kwa usawa.

Halafu angalia unachojipaka kabla ya kulala. Mafuta ya mgando huifanya silikoni iteleze na huiharibu. Osha uso, paka mafuta asubuhi, na silikoni ioshe kila siku kwa sabuni laini isiyo na dawa ya kung'arisha. Akina mama mkibadilisha misuko, rekebisheni mikanda upya usiku uleule.

Mume wangu anakoroma namsikia, lakini grafu inaonyesha karibu sifuri. Nimwamini nani?

Amini masikio yako. Mashine hutambua mtetemo wa hewa ndani ya mrija. Akikoroma kwa mdomo wazi huku amevaa barakoa ya pua, sehemu kubwa ya mtetemo haifiki kwenye kipimo.

Kinyume chake pia hutokea: grafu imejaa miiba na aliye kando hakusikia kitu. Mara nyingi ni maji yaliyojikusanya kwenye mrija, jambo la kawaida Njombe au Limuru wakati wa baridi, au pwani mtu anapolala na kiyoyozi. Punguza unyevu kwa hatua moja, vika mrija kitambaa, na weka mashine chini kuliko kitanda ili maji yarudi kwenye tangi. Silikoni inayopigapiga kwa kuvuja huleta miiba kama hiyo.

Kukoroma kunakostahili kumsumbua daktari ni kule kunakojirudia bila hewa kuvuja. Kukitokea dakika za mwanzo tu, huenda presha inaanzia chini mno, mathalani 4, na kupanda taratibu. Fupisha muda huo au anzia juu kidogo. Kukiendelea usiku kucha, pengine presha ya chini haitoshi. Hiyo ni sehemu ya dawa aliyokuandikia daktari, mpelekee grafu za wiki nzima aibadilishe yeye.

AHI yangu ni 1.2, ila hewa inayovuja ni 45. Si niko salama?

Hatuwezi kusema hivyo. AHI ni idadi ya mara pumzi inapokatika au kupungua kwa kila saa, na chini ya 5 ni nzuri. Lakini kwenye AirSense, ambako mpaka ni 24, hewa ikivuja kiasi hicho mashine haiioni pumzi yako sawasawa, na isichokiona haikihesabu. Ziba panapovuja, kisha soma AHI upya.

Nimeletewa mashine ya mtumba kutoka Marekani. Nianzie wapi?

Ikiwa ni DreamStation ya toleo la kwanza, usiiwashe kwanza: Juni 2021 Philips waliziita zirudishwe kwa sababu ya sponji ya ndani inayomomonyoka. Hakiki namba yake kwenye tovuti yao. Ikiwa ni AirSense, chagua kwenye mipangilio aina ya barakoa unayovaa wewe, la sivyo hesabu ya hewa inayovuja itakosewa. Badilisha kichujio, mrija na silikoni. Presha ya mwenyewe wa zamani usiitumie. Daktari akupangie yako.