Kidole kililia "tak", na Nelion bado inaniita

*Maswali ya wasomaji kuhusu mwili na mazoezi*

SWALI

Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Lanet, Nakuru, nina miaka 54. Nilianza kukwea miamba nikiwa chuoni, nikaacha nilipopata watoto, na miaka mitatu iliyopita nikarudi kwa pupa. Kila Jumamosi mimi na wenzangu watatu tunateremka Naivasha, tunaingia hifadhi ya Hell's Gate asubuhi na kutoka jioni. Mwezi Juni, nikiwa katikati ya ukuta mkubwa, nilivuta kijishikio chembamba, kidole cha kati cha mkono wa kulia kikalia "tak". Kilivimba upande wa kiganjani. Nilikuwa ndio kwanza nimemaliza dawa za taifodi, nikadhani ni unyonge wa ugonjwa. Kiwiko nacho kinaniuma upande wa ndani tangu mwaka jana. Ijumaa jioni napitia duka la dawa kuchomwa sindano ya diklofenaki ya kutuliza maumivu, Jumamosi nakwea vizuri, Jumapili siwezi hata kukamua soksi. Nataka kufika Nelion, kilele cha pili kwa urefu cha Mlima Kenya, kabla sijatimiza miaka 55, yaani Januari ijayo. Nimepigilia ubao wa kuning'inia juu ya mlango na kila usiku nazoeza vidole. Mke wangu ananiambia niachie vijana. Nifanyeje?
— Mwalimu, Lanet

JIBU

Mwalimu, usiwaachie vijana. Lakini ubao huo uteremshe usiku wa leo, na Ijumaa ijayo ukifika kwenye duka hilo la dawa, pita.

Tuanze na kidole. Misuli inayokunja vidole haimo vidoleni, imo kwenye kigasha. Inavuta kwa kano ndefu zinazopita kiganjani hadi ncha za vidole. Ili kano hizo zisinyanyuke kila unapokunja, kuna vipete vigumu vinavyozibana kwenye mfupa, kama vile vitanzi vya kiunoni mwa suruali vinavyoushika mkanda. Unapong'ang'ania kijishikio kwa kukunja kiungo cha kati cha kidole pembe mraba na kukandamiza kwa dole gumba juu yake, kano inajaribu kuchomoka, na kipete cha karibu na kiganja ndicho kinachobeba mzigo. Mlio uliousikia kwa kawaida ni kipete hicho kikichanika, nusu au chote.

Jipime hivi. Sukuma meza kwa ncha ya kidole hicho, polepole, huku kidole kimoja cha mkono wa kushoto kikigusa shina lake upande wa kiganja. Ukihisi kamba ikiinuka chini ya ngozi kama upote wa upinde, kipete kimekatika kabisa na unahitaji mtaalamu wa mikono, pengine na pete maalumu ya kukibana kidole kwa wiki kadhaa. Hata usipohisi hivyo, kapigwe picha ya ultrasaundi. Na umwambie anayekupiga, tafadhali sana, achukue picha kidole kikiwa kinasukuma kitu. Kidole kilichopumzika mezani kinaweza kuonekana kizima kabisa.

Najua hayo kwa maumivu yangu mwenyewe. Nilikuwa na miaka 49, papo hapo Hell's Gate, kidole cha pete. Mwenzangu aliyekuwa chini ameshika kamba alidhani nimekanyaga kijiti kikavu. Kliniki niliyokwenda iliniambia nipumzike miezi mitatu, nami nilitii kama mtoto: sikubeba hata kikapu. Maumivu yakaisha. Siku ya kwanza kurudi mwambani, dakika ya ishirini, yakarudi yote. Nililia siku ile, Mwalimu, na mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha wengine jinsi ya kutibu viungo.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kisichouma kimepona. Kano haina damu nyingi kama misuli. Misuli inaongeza nguvu katika wiki chache, kano inachukua miezi. Kuna watafiti waliopima kiini cha kano ya kisigino kwa kufuatilia kaboni ya mionzi iliyoenea hewani baada ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960. Waligundua kwamba kiini hicho karibu hakibadilishwi tena mtu akishapita miaka 17 hivi. Chukua maana yake: sehemu kubwa ya kano unayoitumia leo uliijenga ukiwa bado mwanafunzi. Inaweza kuimarishwa, lakini inaimarika kwa mzigo mdogo unaoongezwa kwa subira. Pumziko tupu linaiacha ikiwa dhaifu kuliko ilivyokuwa.

Kilichoniponya mimi ni jerikeni. Picha ikionyesha kwamba kipete hakijakatika chote, nawe ufanye hivi. Tafuta kipande cha mbao kinachotosha upana wa kiganja, fundi akichonge ukingo wa sentimita 2 na kuupiga msasa mpaka uwe mviringo. Toboa tundu, pitisha kamba ya katani, funga jerikeni la lita 5. Tia lita 2 za maji. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo huhitaji mizani. Simama wima, mkono umenyooka chini, shika ukingo kwa vidole vinne bila kuvikunja sana, bila dole gumba, inua jerikeni liachane na sakafu kidogo tu. Hesabu sekunde 10. Weka chini, pumzika dakika moja, rudia mara 6. Fanya siku moja, ruka siku moja. Ukiyapa maumivu alama kutoka sifuri hadi kumi, yasizidi tatu. Asubuhi inayofuata, kabla hujatoka kitandani, kunja ngumi: kama kidole ni kigumu kuliko jana, punguza nusu lita. Kama ni kilekile, baada ya wiki ongeza nusu lita. Lita 5 zikishakuwa nyepesi, tafuta jerikeni la lita 20 na uendelee kutia kidogo kidogo.

Inachosha akili, nakubali. Kuning'inia mlangoni kwa uzito wako wote kunakupa raha ya kujiona shujaa, na jerikeni la lita 2 linamfanya mtu mzima ajione anacheza. Lakini ubao ule unakupa njia mbili tu, uzito wako au sifuri, na kidole chako sasa kinahitaji zote zilizo katikati.

Kiwiko ni kazi ndogo zaidi. Hiyo ni kano ya misuli ileile ya kigasha, pale inapojishikiza kwenye mfupa. Kaa, laza mkono mezani kiganja kikitazama juu, shika chupa ya maji, kiinue kiganja ukisaidiwa na mkono wa pili, halafu kishushe peke yake kwa sekunde 4. Mara 15, mizunguko mitatu, kila siku ya pili. Kipe wiki 12.

Sasa sindano. Diklofenaki haitibu kano, inazima kengele tu. Unapokwea Jumamosi huku kengele imezimwa, unachana kile ambacho mwili ulianza kukishona tangu Jumatatu, ndiyo maana Jumapili soksi zinakushinda. Kwa umri wetu kuna figo, kuna tumbo, kuna presha, na dawa hiyo huvigusa vyote. Na mtu akikuahidi sindano ya stiroidi, dawa kali ya kupunguza uvimbe, kwenye kano yenyewe, mwulize kwanza kama amewahi kuona kano iliyokatika baadaye, maana stiroidi huidhoofisha.

Kuna neno ulilolitaja kwa kupita tu, nami lilinishtua: dawa za taifodi. Katafute pakiti. Kama imeandikwa siprofloksasini, ambayo wengi tunaiita sipro, ujue kwamba dawa za kundi hilo zinajulikana kuharibu kano kwa baadhi ya watu, na madhara yanaweza kutokea hata miezi kadhaa baada ya kumaliza dozi. Tangu mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani imeagiza onyo kali liwekwe kwenye dawa hizo. Hatari ni kubwa zaidi kwa waliopita miaka 60, wanaotumia stiroidi na wenye shida za figo. Sisemi ndiyo iliyokuponza, kwa sababu kijishikio chembamba kinatosha. Nasema usikatishe dawa uliyoandikiwa na daktari, ila umwambie kwamba wewe unaning'inia kwa vidole, achague nyingine kama ipo. Na taifodi ya kununuliwa dawa kaunta bila kupimwa, Mwalimu, hiyo tuiache.

Umri je? Upo, na haudanganywi. Misuli huanza kupungua tangu miaka ya thelathini, na kujirekebisha kunachukua muda mrefu. Nikiwa na miaka 38 nilikuwa nakwea Jumamosi na Jumapili mfululizo. Siku hizi, nikiwa na 61, naacha siku mbili nzima katikati. Nusu saa ya kwanza naupasha mwili moto: natembea kutoka getini badala ya kupanda gari, nazungusha mabega, nakwea njia rahisi mara tatu wakati pimbi wa mwamba wa Fischer's Tower wananitazama. Jioni nakula chakula cha kujenga mwili kweli kweli, omena au mayai au ndengu na maziwa, si chai na mandazi ya njiani. Na nimebadilisha ukweaji wangu. Hell's Gate imejaa nyufa. Ukijifunza kuingiza kiganja kizima ndani ya ufa na kukikaza kwa kukunja dole gumba kuelekea ndani, unasimama pale bila kidole hata kimoja kuteseka. Unaweza kuanza hilo wiki hii, kwenye njia rahisi, kidole kikiwa kimefungwa plasta.

Hapo ndipo Nelion inapoingia, na hapo ndipo nadhani umejitesa bure. Umekuwa ukizoeza vidole kila usiku kwa ajili ya mlima ambao hauviulizi sana vidole. Njia ya kawaida ya Nelion, upande wa kusini mashariki, ilikwewa mwaka 1929 na Eric Shipton na Percy Wyn-Harris, na viatu vyao havikuwa hivi vya mpira laini tulivyo navyo sisi. Vishikio vyake vingi ni vinono. Kinachowarudisha watu ni mambo mengine: kulala kwenye kibanda cha Austrian Hut, mita 4,790, kichwa kikigonga, kuamka gizani, kukwea saa nyingi hewa ikiwa nyembamba hadi mita 5,188, halafu kuteremka njia nzima kwa kamba, miguu ikitetemeka na mawingu yameshafunga. Nilifika pale juu nikiwa na miaka 52, kidole changu kikiwa bado na plasta. Kile kibanda kidogo cha bati alichokijenga Ian Howell kileleni mwaka 1970 nilikigusa kwa mikono miwili, na sikukumbuka kidole hata mara moja siku nzima. Nilichokumbuka ni magoti.

Kwa hiyo saa zile za usiku za mlangoni zihamishie Menengai. Panda kutoka mjini hadi ukingo wa kreta, mita 2,278, begi mgongoni, mara mbili kwa wiki, na kila mwezi uongeze kilo 2. Ushuke polepole, magoti hujengwa kwenye mteremko. Upande huo wa Nelion huwa mkavu kuanzia mwisho wa Desemba hadi mapema Machi, kwa hiyo muda upo. Tarehe 1 Desemba jipime: kidole kiinue lita ulizofikia bila kuuma asubuhi yake, na miguu itembee saa 6 kwa siku mbili mfululizo. Ukiweza vyote viwili, nenda Februari, upate wiki chache zaidi. Ukishindwa kimoja, ngoja Februari ya mwaka utakaofuata. Miaka 55 ni tarehe kwenye kitambulisho. Mkeo umwonyeshe barua hii, hasa pale pa sindano.

SWALI

Mama, shikamoo. Nina miaka 49, naishi Kisumu, nina kisukari. Bega la kushoto limeganda miezi minne sasa, siwezi kufunga leso kwa nyuma. Chama chetu cha akina mama kinataka kupanda miamba ya Kit Mikayi Desemba. Niende?
— Mama Kondele

JIBU

Marahaba, mwanangu. Bega lililoganda huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kuliko wengine wote. Mfuko unaolizunguka bega unavimba, unakuwa mgumu, kisha unalegea wenyewe, lakini inaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Usimruhusu mtu akuvute mkono kwa nguvu akidai anaufungua. Inama, shika meza kwa mkono wa kulia, uache wa kushoto uning'inie na kuyumba taratibu kama mkonga, dakika 2, asubuhi na jioni, baada ya kuukanda kwa maji moto. Hapa sindano ya stiroidi ndani ya bega inaweza kusaidia ikitolewa mapema, tofauti na nilivyomwambia Mwalimu, ila itapandisha sukari yako kwa siku kadhaa, kwa hiyo daktari wa kisukari ajue kwanza.

Kit Mikayi nenda. Wajulishe wenyeji wanaopokea wageni pale kwamba mkono wa kushoto haupandi juu ya bega, wakupitishe mahali ambapo mwamba wa kushikilia uko kuliani kwako. Beba peremende kwenye leso, sukari isije ikashuka ukiwa katikati. Na ndani ya yale mapango mtawakuta watu wakifunga na kusali, wengine wakiwa wamekaa siku kadhaa. Piteni kimya, picha mpige mkishatoka.