Kwa aliyeuliza pa kuweka video za harusi bila kulipia kila mwezi

Kaka, kwa studio hapo Mtwara mjini anza na Nextcloud. Ni programu huria ya bure ya kuhifadhi na kugawa faili, ilichipuka kutoka programu nyingine, ownCloud, mwaka 2016, na unaisimika kwenye kompyuta yako mwenyewe, hata ile ya zamani iliyolala stoo, ukiitia Linux (mfumo endeshi wa bure) na diski kubwa. Mteja unamtumia kiungo chenye nenosiri na tarehe ya mwisho, anapakua zake, basi. Kama ni picha za simu zijipandishe zenyewe na kupangwa kwa sura za watu, Immich, programu nyingine ya bure, inaizidi. Kutazama video kwenye TV, Jellyfin. Usisimike zote siku moja lakini.

Kitakachokusumbua ni laini. Intaneti ya simu kwa kawaida haikupi anwani ya IP ya umma (namba ya kukufikia kutoka nje), kwa hiyo mteja aliye Masasi au Nachingwea haifikii seva yako, yaani hiyo kompyuta yenye Nextcloud, moja kwa moja. Ama ukodi seva ndogo nje uiunganishe na yako kwa WireGuard, programu ya kuunganisha kompyuta kwa njia ya siri (hapo bili ya mwezi imerudi, japo ndogo), ama ukubali seva iwe ya ndani: bwana harusi anakuja studio, anaingia Wi-Fi yako, anabeba faili zote bila kula bando. Mimi ningeanza na hii ya pili. Kupandisha gigabaiti 40 kwa bando la simu ni kujitafutia umaskini.

UPS (betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukizimika) nunua mapema, umeme ukikatika diski ikiwa inaandika faili zinaweza kuharibika. Na nakala ya pili ikae nyumba nyingine, si meza ileile.