Fundi Ajibu: Injini ya 650 ndani ya fremu ya BSA B31

SWALI: Fundi, shikamoo. Naishi Small Heath, Birmingham, si mbali na kilipokuwa kiwanda cha pikipiki za BSA. Nina BSA B31 ya 1955, ile yenye shokapu mbili nyuma, namba ya fremu inaanza na CB31. Breki ya mbele ni ya inchi 7. Injini yake ya 350 imekufa, konrodi imegonga mpaka krenkesi, ganda la chini la injini, imepasuka. Nimepata injini ya A10 ya silinda mbili, 650, kwa bei nzuri. Giaboksi imefungwa kwa boliti nyuma ya injini, vyote kitu kimoja. Jamaa mmoja hapa mtaani ameijaribisha, anasema haikai, na kwamba fremu ya B31 haina ubavu wa kubeba 650. Atakata bomba la chini, aongeze vyuma, achomelee vishikio vipya, kazi ya Jumamosi moja. Nauliza: pleti za kushikia injini ziwe na unene gani, na sproketi iwe ya meno mangapi? — Hamisi

JIBU: Marahaba, Hamisi. Pleti na sproketi nitakujibu, usiwe na shaka. Lakini katika barua yako kuna jambo hukuliuliza, nalo ndilo lililofanya chai yangu ipoe mezani: huyo jamaa na grenda yake.

Hiyo kauli ya "fremu haina ubavu" naisikia karibu kila wiki, na kila mara inatoka kwa mtu ambaye tayari ameshika grenda mkononi. Kwa pikipiki yako haina msingi. Kuanzia 1954, BSA walipoingiza mkono wa nyuma unaopanda na kushuka, fremu za familia ya A, yaani silinda mbili, na za familia ya B, silinda moja, zilikuwa za ukoo mmoja. Mabomba mawili yanashuka kutoka shingoni, yanapita chini ya injini na kurudi juu nyuma. Tofauti zao ni ndogo ndogo, za vishikio na vipande vya kufungia. Kiwanda kilifunga A10 ya cc 646 kwenye fremu ya ukoo huo, kikaiuza, watu wakaifungia hadi gari la pembeni na kubeba familia nzima. Tena 1962 na 1963 wakatoa Rocket Gold Star, ambayo ni injini ya A10 iliyonolewa na kuwekwa kwenye fremu ya aina ya Gold Star, pikipiki ya silinda moja. Sasa jamaa yako amegundua nini Jumamosi moja ambacho wahandisi wa kiwanda cha BSA pale Armoury Road hawakukiona miaka yote hiyo?

Kwa nini basi injini haikai? Jibu umeliandika mwenyewe bila kujua: giaboksi imefungwa kwa boliti nyuma ya injini. Hiyo ni A10 ya plunja, ya fremu ya zamani iliyokuwa na springi mbili fupi kwenye ekseli ya nyuma. Kwenye A10 za plunja giaboksi ilishikana na krenkesi. Kwenye A10 za mkono wa nyuma giaboksi ilitenganishwa, ikaning'inizwa kwenye pleti zake, na cheni ya klachi hukazwa kwa kuisogeza giaboksi yenyewe nyuma. Hizo ni injini mbili tofauti zenye jina moja. Jamaa yako alijaribisha injini isiyo ya fremu hii, akaona haiingii, akahukumu fremu. Ni sawa na kununua kiatu namba 9 halafu ukakata kidole.

Rudisha hiyo injini, au iuze kwa mwenye plunja, atakushukuru. Tafuta ya mkono wa nyuma pamoja na giaboksi yake, kava za cheni ya klachi, na pleti zake zote, za mbele na za nyuma. Pleti za mbele za B31 hazitakufaa, kwa sababu dinamo ya A10 iko mbele ya krenkesi, wakati B31 yako ina dinamo na magneto, ile ya kutoa cheche, pamoja nyuma ya silinda. Ukipata vyote hivyo, weka krenkesi tupu ndani ya fremu kwanza, bila krenki wala pistoni, ufunge boliti kwa mkono. Ndipo upime mstari wa cheni kwa rula ndefu, kutoka sproketi ya giaboksi hadi ya nyuma. Kazi hiyo haihitaji umeme hata kidogo.

Sasa pleti. Za BSA wenyewe ndizo bora. Ikibidi kuchonga, mimi hutumia chuma cha milimita 6, au aluminiamu ngumu ya daraja la ndege ya milimita 10. Sitaki kuona aluminiamu laini iliyokatwa kwenye ubao wa tangazo, na nimeiona. Ila unene si jambo kubwa kama matundu. Nguvu ya krenki ikishapita klachi na gia ya kwanza inaongezeka zaidi ya mara tano, na sproketi ya giaboksi ina nusu kipenyo cha milimita 48 tu. Ukifungua mafuta ukiwa gia ya kwanza, cheni inaweza kuvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa nusu tani, na inavuta upande mmoja. Tundu likiwa kubwa kuliko boliti hata kwa nusu milimita, giaboksi itacheza, pleti italiwa, na mtikisiko utaanza kutafuta pa kutokea. Toboa ndogo, kisha malizia kwa rima, kifaa cha kupanulia tundu kwa kipimo kamili, mpaka boliti iingie kwa kusukumwa na kidole gumba.

Na boliti zenyewe ziwe za nyuzi sahihi. Sehemu kubwa ya pikipiki hiyo ni nyuzi za Cycle, kipimo cha kale cha Kiingereza, 26 kwa inchi moja. Nati ya milimita inaweza kuingia mizunguko miwili ikakupa moyo, halafu ikala nyuzi za krenkesi ambayo haitengenezwi tena.

Sproketi: usibadilishe chochote nyuma. B31 ina meno 17 kwenye injini, 43 kwenye klachi, 19 kwenye giaboksi na 42 kwenye gurudumu, na hapo gia ya nne inakuja kama 5.6 kwa 1. A10 ina meno 21 kwenye injini na mengine yakabaki yaleyale, gia ya nne ikawa kama 4.5. Utaona basi BSA walivyofanya: walibadilisha sproketi moja tu. Ukichukua A10 na vitu vyake, hesabu imeshafanywa.

Nikiishia hapo nitakuwa nimejibu ulichouliza, na nitakuwa nimekudanganya kwa kunyamaza. B31 ilitoa nguvu za farasi 17 hivi. A10 Golden Flash ilitoa kama 35. Ya kwanza ilimalizia karibu kilomita 110 kwa saa, ya pili inakaribia 155. Kazi ya breki haipandi sambamba na mwendo, inapanda kwa mwendo mara mwendo. Kutoka 155 ngoma ya breki inapaswa kumeza joto karibu maradufu ya lile la kutoka 110, na bado hatujahesabu uzito wa silinda ya pili. Ngoma yako ya inchi 7 ilikuwa inatosha kwa shida kwa 350. Tafuta gurudumu la mbele lenye ngoma ya inchi 8, lile la A10, kabla hujanunua kabureta ya kung'aa. Hakuna hata mmoja kati ya wanaokuja kwangu na injini kubwa ambaye swali lake la kwanza huwa breki.

Injini ya bei nzuri nayo nina wasiwasi nayo. A10 upande wa taimingi, yaani wa gia zinazoendesha vali, krenki haina beringi, ina bushi (bomba fupi lisilo na gololi), na oili ya konrodi zote mbili hupita kwenye bushi hiyo ndipo iingie ndani ya krenki. Bushi ikilika, oili inavuja hapo hapo na konrodi zinabaki kavu. Ndani ya krenki kuna mfereji unaokusanya tope la oili la miaka yote, na ukiziba matokeo ni yaleyale. Usiifunge injini ambayo hujaifungua krenki, hata muuzaji akiapa kwa jina la mama yake kwamba ilikuwa inawaka vizuri. Ya 350 umeshaona konrodi inavyofanya.

Nirudi kwa mwenye grenda, maana sijamaliza naye. Ukweli ni kwamba fremu hizi hupasuka, nami nimezishika zilizopasuka. Lakini ukifuatilia chanzo, mara nyingi utakuta pleti zilizolegea, au kishikio cha kichwa cha silinda kimeachwa. Kwenye silinda mbili za Kiingereza za wakati ule pistoni zote mbili hupanda pamoja na kushuka pamoja, kwa hiyo mtikisiko ni wa kuzaliwa nao. Kile kichuma kidogo kinachounganisha kichwa cha silinda na bomba la juu ndicho kinachoizuia injini isitikise fremu nzima. Mtu akibadilisha injini, kishikio cha zamani hakilingani, anakitupa. Baada ya mwaka ufa unatokea karibu na shingo. Analeta mchomeleaji. Mchomeleaji anasema, "si nilikwambia fremu haina ubavu?"

Watu hunitajia Triton, injini ya Triumph kwenye fremu ya Norton Featherbed, kama ushahidi kwamba mambo haya ni ya kukata na kuunga. Ni kinyume kabisa. Fremu ile, kazi ya Rex McCandless wa Belfast, ilionekana kwenye mashindano ya Isle of Man mwaka 1950. Baadaye ikazagaa bila injini kwa sababu waendeshaji wa magari madogo ya mashindano ya cc 500 walikuwa wananunua Norton Manx nzima, wanang'oa injini na kuiacha fremu. Mafundi waliojua kazi waliiheshimu fremu hiyo. Akili yao yote ilikuwa kwenye pleti: injini ikae mbele kiasi gani, chini kiasi gani, cheni inyooke vipi. Dave Degens na Rex Butcher walishinda mashindano ya saa 24 ya Barcelona mwaka 1965 kwa Triton ya Dresda, karakana ya Degens mwenyewe. Hushindi saa 24 kwa vyuma vilivyochomelewa Jumamosi.

Na huyo jamaa akishamaliza na wewe ataenda kwa jirani mwenye Ariel au Triumph ya zamani zaidi, na huko ndiko atakakofanya maafa makubwa. Fremu nyingi za Kiingereza za zamani hazikuchomelewa. Mabomba yalisukumwa ndani ya lagi, vile viungo vinene vya chuma cha kumimina, yakashikwa kwa brasi iliyoyeyushwa. Ukipeleka moto wa umeme pale, brasi inayeyuka na kupenya katikati ya chembe za chuma cha bomba, na bomba linapasuka kutoka ndani. Lagi yenyewe ikipashwa ghafla na kupoa ghafla inakuwa ngumu kama kigae, na inakatika kama kigae. Juu utaona mshono mzuri umenyooka. Kijana mmoja aliniletea fremu ya namna hiyo ipakwe rangi tu. Nilipopiga mchanga kuondoa rangi ya zamani, ufa ulikuwa umezunguka shingo zaidi ya nusu, na alikuwa ametoka kuiendesha barabara kuu wiki ileile. Alikaa chini kwenye ndoo, hakusema kitu kwa muda mrefu.

Siku hizi imeongezeka fasheni ya kukata mkia wa fremu ili kiti kiwe kifupi, kutoboa matundu "kupunguza uzito", kusaga vishikio vyote ili ionekane safi. Sehemu iliyokatwa ndiyo inayoshika shokapu ya juu. Hata kwetu Mombasa boda ikikatika shingo huchomelewa kando ya barabara na abiria anapandishwa jioni ileile, lakini angalau yule fundi anajua anaokoa siku ya mtu. Huyu wa kwako anaharibu chombo kizima ambacho hakikuwa na ugonjwa.

Karatasi nazo. Ukibadilisha injini, DVLA, wale wa usajili wa vyombo vya moto, waambiwe namba mpya na cc mpya, na bima pia, tena bima kwanza. Pikipiki ya zaidi ya miaka 40 husamehewa MOT, ule ukaguzi wa kila mwaka, lakini kwa taratibu za tangu Mei 2018 mabadiliko makubwa yanaweza kukuondolea msamaha huo, na idadi ya silinda kubadilika ni moja ya dalili zinazoangaliwa. Mimi ningeipeleka MOT hata bila kulazimishwa, ili jicho la pili liione.

Kama hayo yote ni mengi, kuna njia fupi ya halali. Injini ya B33 ni ndugu wa ile iliyokufa: mpigo uleule wa milimita 88, kipenyo 85 badala ya 71, na hapo unapata cc 499. Inaingia palepale bila kuhangaika na dinamo. Nguvu kama farasi 23. Breki ya inchi 8 bado utaihitaji.

Ukiendelea na A10, soma herufi zilizo mwanzoni mwa namba ya injini kabla hujatoa pesa. Ikianza na ZA10 au BA10, ni ya plunja, iache. CA10 au DA10, nipigie picha ya krenkesi upande wa taimingi, kava ikiwa imefunguliwa.