Demetrio Stratos anatoaje noti mbili kwa koo moja?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mi napiga kinanda kanisani na kwenye kwaya naimba sauti ya tatu. Juzi nimesikiliza albamu ya Demetrio Stratos wa Italia, Cantare la voce, jamaa anatoa sauti mbili saa ingine tatu kwa pamoja na nimeambiwa hamna mashine pale. Inawezekanaje? Na nikijaribu sitaharibu koo?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Swali lako limenifurahisha sana, hiyo albamu ya 1978 nafundishia sauti mpaka leo. Na ni kweli ulivyoambiwa, pale ni koo, mdomo na maiki basi.

We kama mpiga kinanda utamwelewa haraka manake na yeye alianzia hapohapo. Alizaliwa Alexandria, Misri, 1945, wazazi wake Wagiriki, ndani anasikia nyimbo za kanisa la Orthodox na nje nyimbo za Kiarabu, akasomea piano na akodiani tangu mdogo, wakahamia Cyprus, halafu 1962 akaenda Milan kusomea usanifu majengo. Lakini muziki ukamvuta zaidi. Akawa mwimbaji wa bendi ya I Ribelli, 1967 wimbo wao wa Pugni chiusi ukapendwa sana, angeweza kukaa hapo akala maisha. Lakini 1972 akaanzisha bendi ya Area na wenzake, yeye anaimba na kupiga ogani, muziki wa rock umechanganyika na jazi na midundo ya Balkani. Kilichomgeuza kabisa ni binti yake mchanga. Alikuwa anamsikiliza mtoto anavyobwabwaja kabla hajajua kuongea, akaona mtoto ana sauti za kila aina, akishaanza kusema maneno zile sauti nyingi zinapotea. Akaamua kuzitafuta upya.

Sasa tuje kwenye ufundi. Hapa kuna vitu viwili tofauti na watu wengi wanavichanganya.

Cha kwanza ni harmoniki, yaani noti za juu zilizojificha ndani ya noti moja. Ukipiga La ya chini ya piano, ile ya Hz 110 (inatetema mara 110 kwa sekunde), haitoki 110 peke yake, ndani yake kuna 220, 330, 440, 550 na kuendelea. Ukipata piano ya nyaya kabisa, kanyaga pedali ya kulia, inamisha kichwa kwenye nyaya uite "aaa" kwa nguvu halafu nyamaza: utasikia nyaya zinakujibu, na sio moja, ni nyingi. Ndo harmoniki zako hizo. Anayeimba noti mbili kwa njia hii anatumia ulimi na midomo kuikuza harmoniki moja mpaka sikio linaisikia kama noti inayojitegemea. Nyuzi za sauti zinafanya kazi ileile ya kila siku.

Cha pili ndo maajabu ya Stratos mwenyewe. Mtaalamu wa fonetiki (elimu ya sauti za usemi) Franco Ferrero alimpima kule Padova, Italia, akakuta anapiga miluzi miwili kwa pamoja kooni, mmoja unashuka kutoka Hz 6000 na mwingine unapanda kutoka 3000. Funguo ya mwisho kabisa kulia kwenye piano ni Hz 4186, yaani huo wa juu umepita piano yote! Na kwasababu mmoja unashuka wakati mwingine unapanda, haiwezekani mmoja ukawa harmoniki ya mwenzie, harmoniki zinapanda na kushuka pamoja kama mabehewa ya treni moja. Alafu nyuzi za sauti kwa kawaida hazitetemi zaidi ya Hz 1000 au 1200 hivi. Kwahiyo maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba hewa yenyewe inapiga mluzi ikipita kwenye upenyo mwembamba sana wa koo, kama upepo kwenye ufa wa dirisha.

Kuhusu kuharibu koo: njia ya kwanza jaribu bila wasiwasi, ya pili usiikimbilie peke yako, tafuta mwalimu akusikilize. Dakika 5 mpaka 10 kwa siku zinatosha, kunywa maji, na ukisikia maumivu au mkwaruzo acha hapohapo. Sauti ikikauka zaidi ya wiki 3 nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, usijitibu kwa tangawizi tu. Na ukisoma habari za Stratos utaona alifariki na miaka 34, usiogope, haikuwa koo, ni uboho wa mifupa ulishindwa kutengeneza damu. Alikuwa anatibiwa New York, wanamuziki wenzake wakaandaa tamasha Milan tarehe 14 Juni 1979 kuchangia matibabu, yeye akafariki tarehe 13. Tamasha lilifanyika vilevile, la kumuaga. Hapo huwa najisikia vibaya kila nikisimulia.

Anza leo usiku, chumba kikiwa kimya. Chukua noti ya chini isiyokuchosha, ishike, sema "uuu" halafu ipeleke polepole mno kwenye "iii", midomo uibane kama unapuliza chai ya moto. Katikati ya hiyo safari utasikia kimluzi chembamba kinapanda ngazi kwa ngazi. Kikitokea usiongeze nguvu, punguza pumzi kidogo, na rekodi kwa simu uje usikilize kesho yake.